Usimwachie PIN, mwachie hati: somo kwa wenye biashara ndogo za usafi wa nyumba

Tuseme ni Ijumaa jioni, katikati ya Agosti. Vila mbili za Casuarina na nyumba moja ya Watamu zinabadilisha wageni kesho. Una wasichana watano wa kazi, mashuka yako kwa dobi, na sabuni na jiki zimebaki chupa mbili. Wewe mwenyewe uko wodini Kilifi. Tuktuk ilipinduka jana, na kesho asubuhi unaingia upasuaji. Mdogo wako amekaa kando ya kitanda na simu yako mkononi. Anakuinamia na kusema polepole, "Dada, nipe PIN niwalipe wasichana. Wanasema wasipolipwa leo kesho hawaji."

Wengi wetu tungefanya nini hapo? Tungemnong'oneza zile tarakimu nne. Hatukulaumu hata kidogo, maana wageni hawawezi kuingia nyumba ambayo haijapigwa deki. Lakini tunapokea maswali mengi kuhusu simu za wagonjwa, wasafiri na waliofiwa, ndiyo maana tumeona tuandike somo hili: nini hasa unachompa mtu unapompa PIN, nini humpi, na ni karatasi gani ungeweza kuwa nayo tayari kabla ya ile Ijumaa.

Tuanze na unachompa. Umempa mshahara wa wasichana watano, sawa. Umempa pia salio lote, na kwa akaunti nyingi za pesa kwa simu hapa Kenya kikomo cha kutuma kwa siku ni shilingi 500,000. Umempa Fuliza, M-Shwari na Hustler Fund, yaani anaweza kukopa kwa jina lako, na deni lisipolipwa wewe ndiye unayefuatwa. Kwenye mfumo, kila muamala utaonekana umefanywa na wewe. PIN ni saini yako. Ukija kwetu wiki mbili baadaye useme "si mimi niliyetuma," kitu cha kwanza tutakachokuuliza ni kama kuna mtu uliyempa PIN.

Sasa unachokosa kumpa. Mdogo wako hawezi kutia saini mkataba mpya na wakala wa nyumba za wageni. Hawezi kwenda benki kuuliza kwa nini malipo ya yule mteja wa Mayungu hayajaingia. Hawezi kushughulikia leseni yako ya biashara kwenye ofisi za kaunti, wala kuzungumza na KRA kwa niaba yako. Mteja akikataa kulipa shilingi 18,000 za mwezi, mdogo wako hana mamlaka ya kudai. Kwa hiyo umempa pesa zako zote, na mlangoni mwa kila ofisi bado ataulizwa, "Na wewe ni nani?"

Karatasi inayojibu swali hilo

Karatasi hiyo ni hati ya uwakilishi. Mawakili wetu hupenda kuiita "power of attorney", na hata mtaani watu husema "pawa ov atoni", kwa hiyo ukisikia jina lolote kati ya hayo ni kitu kimoja. Ni maandishi ambayo wewe, ukiwa na akili timamu na kwa hiari yako, unamtaja mtu na kumpa mamlaka ya kufanya mambo fulani kwa niaba yako. Akifanya lililo ndani ya hati, ni kama umelifanya wewe. Akifanya lililo nje ya hati, hana ruhusa yako.

Pwani jambo hili si geni. Baba akiwa Muscat na binti anaolewa Malindi, humwakilisha kaka yake aozeshe. Kaka hageuki kuwa baba. Amepewa jambo moja, na likiisha, uwakilishi umeisha. Hati tunayoizungumzia inafuata fikra hiyohiyo, ila hii inaandikwa, inatiwa saini mbele ya wakili, na inaweza kuwekwa mezani mbele ya meneja wa benki.

Usichanganye na wakala wa pesa pale dukani. Yule ni wakala wa kampuni. Huyu ni mwakilishi wako.

Kuna aina mbili. Hati ya jumla inampa mwakilishi karibu kila kitu chako. Hati maalumu inataja mambo yenyewe, kwa mfano kulipa mishahara na kukusanya madeni ya biashara ya usafi, kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile. Kwa biashara ndogo, sisi tunapendelea hati maalumu bila kusitasita. Hati ya jumla kwa mtu mwenye wateja kumi na fagio nane ni kama kumpa mtu ufunguo wa nyumba nzima kwa sababu umemwomba achukue sufuria jikoni.

Kwa nini wenye biashara za usafi hasa

Duka la nguo likifungwa wiki moja, nguo ziko palepale. Usafi wa nyumba hauna kusubiri. Nyumba isiposafishwa Jumamosi, mgeni wa saa nane mchana anaikuta chafu, na mwenye vila hutafuta mtu mwingine siku hiyohiyo. Kisha kuna funguo. Wengi wenu mna funguo za watu wasiokuwapo nchini, na mtu mmoja tu ndiye anayejua ufunguo upi ni wa nani.

Jambo la pili ni namna biashara zenyewe zilivyoandikishwa. Wengi wamesajili jina la biashara tu kupitia eCitizen. Jina hilo linapendeza kwenye fulana za wafanyakazi, lakini kisheria biashara na wewe ni mtu mmoja. Ukilala, biashara imelala. Aliyesajili kampuni chini ya Sheria ya Makampuni ya 2015 ana nafuu, kwa sababu kampuni ina nafsi yake na wakurugenzi wanaweza kuamua kwa azimio nani atie saini benki. Ila kama mkurugenzi ni wewe peke yako, umerudi palepale.

La tatu ni tarehe. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mshahara wa mwezi ulipwe mwezi unapoisha. Makato yana siku yake pia: mchango wa SHA wa asilimia 2.75 hupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kutoka kwako hupelekwa kufikia siku ya tisa ya kazi ya mwezi huo. Tarehe 9 haijui kama uko hospitali.

Na si ugonjwa pekee. Aprili hadi Juni, wageni wakiwa wachache, ndio wakati wengi huondoka: mwingine anakwenda Hija, mwingine kwa mkataba wa miaka miwili Ghuba, mwingine kujifungulia kwa mamake. Safari kama hizo zinajulikana mapema. Hapo hakuna kisingizio cha kutoandaa hati.

Iandikwe nini ndani

Hapa ndipo tungependa utumie muda wako mwingi, kwa sababu hati mbaya ni ile iliyoandikwa kwa maneno mapana.

Taja watu kwa majina yaliyo kwenye vitambulisho, pamoja na namba zake. Taja biashara kwa jina lililosajiliwa. Kisha taja kazi moja baada ya nyingine. Mfano wa maneno unaoweza kumpelekea wakili wako akayaweke katika lugha ya kisheria: "Mwakilishi wangu awalipe wafanyakazi watano waliotajwa kwenye orodha iliyoambatishwa, kwa viwango vilivyo kwenye orodha hiyo. Anunue vifaa vya usafi visivyozidi shilingi 15,000 kwa mwezi. Apokee na adai malipo ya wateja wangu, yote yaingie kwenye till au akaunti ya benki ya biashara, si kwa namba yake binafsi. Atie saini mikataba ya usafi isiyozidi miezi sita. Anishughulikie mambo ya leseni ya kaunti na KRA yanayohusu biashara hii."

Baada ya hapo andika asichoruhusiwa. Asikope kwa jina langu. Asiuze wala kuweka rehani mali yoyote. Asimkabidhi mtu mwingine mamlaka haya. Na kama una kiwanja, hata kidogo, andika waziwazi kwamba hati hii haihusu ardhi. Tunalisisitiza hili kwa sababu tunaishi Kilifi na sote tunajua kesi za ardhi zilivyo hapa.

Weka tarehe ya mwisho. Miezi mitatu kwa upasuaji na kupona inatosha. Kwa mkataba wa Ghuba unaweza kuweka mwaka mmoja, kisha ukatoa nyingine. Ukiwa nje, hati inaweza kutiwa saini mbele ya mthibitishaji wa hati au kwenye ubalozi wa Kenya, ndiyo maana si lazima uandike miaka mitano kwa hofu ya kukwama Muscat.

Weka pia sharti la hesabu: kila Jumapili mwakilishi akutumie, au amtumie mtu wa tatu unayemtaja, taarifa ya miamala na picha za risiti. Mwakilishi mwaminifu halalamikii sharti hili. Linamlinda yeye pia siku ndugu wengine watakapoanza kuuliza pesa zilikwenda wapi.

Nani awe mwakilishi? Tunajua jibu la haraka ni "dada yangu" au "msichana wangu mkubwa wa kazi". Dada anaweza kuwa mwaminifu kabisa na asijue kabisa tofauti ya usafi wa kila siku na usafi wa kufunga nyumba. Msichana mkubwa anajua kila mteja na kila ufunguo, na kwa sababu hiyohiyo ndiye anayeweza kuondoka na wateja wote. Maoni yetu: tenganisha. Anayeongoza kazi abaki na kazi na funguo, anayeshika pesa awe mwingine, na kila mmoja ajue mwenzake anafanya nini.

Hati iko tayari, simu je?

Swali zuri, na jibu lake huwashangaza wengi. Hata mwakilishi wako akija na hati yenye muhuri, hatutampa PIN yako. Sisi wenyewe hatuijui. Na laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa hiyo hati haimfanyi yeye kuwa wewe kwenye simu.

Kwa hiyo pesa za biashara zitolewe kwenye laini yako binafsi kabla ya siku mbaya. Chukua till au akaunti ya biashara. Wateja wazoee kulipa huko. Halafu ongeza mhudumu msaidizi kwenye akaunti hiyo, awe na namba yake na PIN yake, na ruhusa unazomchagulia wewe. Akilipa wasichana, mfumo utaonyesha ni yeye aliyelipa, saa ngapi na kiasi gani. Laini yako binafsi, pamoja na mikopo yako na akiba ya chama, inabaki na wewe chini ya mto wa hospitali.

Benki nayo ina fomu zake. Nyingi hutaka kuiona hati mapema, saini ya mwakilishi ichukuliwe, na wakati mwingine mwenye akaunti athibitishe mwenyewe. Kampuni za malipo, sisi tukiwemo, pia zina utaratibu wake wa kupokea hati za aina hii. Ipeleke ukiwa mzima, uliza nini kinakosekana, urekebishe. Usingoje mwakilishi akataliwe kaunta wakati wasichana wanamsubiri nje.

Mahali hati inapokatikia

Watu wengi hudhani hati hii ni ya kutumika wakati mtu hajitambui. Ni kinyume chake. Hati ya kawaida hutolewa na mtu mwenye akili timamu, na kwa kanuni ya sheria tunayoifuata Kenya, mamlaka hayo hukatika mtoaji anapopoteza uwezo wa kuamua. Uingereza walitunga sheria mwaka 2005 inayoruhusu hati ya kudumu, inayoendelea hata mtoaji akipoteza fahamu zake. Usidhani kwamba uliyoandikiwa Malindi ni ya aina hiyo kwa sababu shemeji yako aliye London anayo.

Mtu akipata kiharusi kikali, au akilala bila fahamu kwa wiki kadhaa, familia haiwezi kuushika mkono wake ukatia saini. Hiyo ni kughushi, hata kama nia ni njema. Njia iliyopo ni kwenda Mahakama Kuu, na Malindi ipo, kuomba mtu ateuliwe kusimamia mali yake chini ya Sheria ya Afya ya Akili, sheria iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Inachukua muda, inahitaji ripoti za madaktari, na inagharimu. Ndiyo maana yule mhudumu msaidizi kwenye till na mtia saini wa pili benki ni mambo ya kupanga leo.

Kifo nacho humaliza hati papo hapo. Hili tunalisema kwa uzito kwa sababu tunaliona. Mtu anafariki usiku, na kabla ya maziko ndugu mwenye PIN ameshatoa kila kitu, mara nyingi kwa ajili ya sanda, jeneza, gari na chakula cha waombolezaji. Nia ni kuzika kwa heshima. Lakini kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Njia sahihi huanza na cheti cha kifo na barua ya chifu, kisha mahakamani. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi. Na mwakilishi aliyekuwa na hati halali jana, leo hana kitu mkononi. Kama biashara ilikuwa na mishahara ya kulipa, ni deni la mirathi.

Kuipata

Nenda kwa wakili mwenye cheti cha kufanya kazi mwaka huu. Chama cha Mawakili, LSK, kina ukurasa wa mtandaoni wa kutafuta jina la wakili, dakika moja tu. Uliza bei kabla ya kukaa. Beba vitambulisho vya wote wawili, namba za KRA, na picha za pasipoti. Uliza pia kuhusu ushuru wa stempu, unaolipwa kwa KRA, na kama hati yako inahitaji kusajiliwa. Ikigusa ardhi usajili ni lazima. Kama gharama ni kikwazo, FIDA na Kituo cha Sheria zote zina ofisi Mombasa, na inafaa kuwauliza kabla hujakata tamaa.

Kama Kiingereza cha kisheria kinakuchosha, mwambie wakili akusomee hati kwa Kiswahili, au kwa Kigiriama kama ndiyo lugha yako, neno kwa neno, kabla hujatia saini au dole gumba. Hiyo si aibu. Ni kazi yake.

Zile fomu za kujaza za saiba, za shilingi hamsini, ziache. Nyingi ni za hati ya jumla, na baadhi zina maneno kwamba hati haiwezi kutenguliwa. Neno hilo likikujia kutoka kwa mkopeshaji, ati "weka tu saini, ni utaratibu," simama na uondoke na kitambulisho chako.

Kutengua hati ya kawaida ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri: unaandika kwamba umeiondoa, unatia saini, unampa mwakilishi nakala, na kama ilisajiliwa unasajili pia utenguzi. Kazi kubwa ni kuwaambia watu. Aliyemlipa mwakilishi wako kwa nia njema kabla ya kujua, amekulipa wewe. Kwa hiyo siku hiyohiyo mtumie ujumbe kila mwenye nyumba, benki, na muuza sabuni, na uingie kwenye akaunti ya biashara umwondoe mhudumu huyo.

Jambo la mwisho linahusu upande wa pili, maana nanyi ni watunza funguo za watu. Mwenye vila yuko Milano, na anatokea mtu getini Silversands anasema, "Mimi namwakilisha, nipe funguo, na malipo ya usafi sasa yapitie kwangu." Huenda ni kweli. Wenye nyumba wengi wa nje huacha hati kwa wakili au meneja hapa. Mwombe hati kwa adabu, soma kama inataja nyumba hiyo na kama tarehe haijapita, kisha mpigie mwenye nyumba kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile atakayokupa mgeni huyo. Mpaka hapo funguo zibaki kwenye mkoba wako.